Nyama ya Katikati ya Sinia

Bi Kulusumu alichomwa na mafuta ya moto siku ya Ijumaa, baada ya sala, mwaka 2014, katika fleti yake ya Al Baraha. Nilikuwepo. Nilikuwa hatua nne tu kutoka pale alipoangukia. Wengi wameisimulia habari hii vibaya, na wengine wamemtia makosani yeye mwenyewe, ndiyo maana nimeshika kalamu, ingawa shule niliiacha darasa la nne.

Yeye ni mtu wa Mombasa, Kibokoni. Mnene, sauti ya kuamrisha. Alikuja Dubai akiwa mjane, kupikia familia moja kule Jumeirah, na madam wake alikuwa mwepesi wa mkono. Wali ukishika chini, kiatu. Mtoto akikataa kula, kiatu. Siku moja ilikuwa ni bomba la chuma, na Bi Kulu akapoteza meno mawili ya mbele. Mara ya mwisho aliudaka mkono wa madam ukiwa bado juu, akamwambia kwa Kiarabu chake cha jikoni, "Khalas. Kuanzia leo pika mwenyewe." Akatoka na nguo alizovaa. Baada ya misukosuko mingi alipata kafeel mwingine, yaani mdhamini wa ukaazi, mtu wa heshima, akawa mpishi wa mkahawa mdogo hapo hapo Baraha. Ukimwuliza meno yako yako wapi, atakwambia, "Nimeyaacha Jumeirah, yanalinda nyumba."

Katika fleti yake waliishi watatu. Kulikuwa na Wahid, mtoto wa kaka yake, ambaye Bi Kulu alimlea tangu ana miaka mitano, mama yake alipokufa. Wahid alikuwa akisimamia upakiaji wa mizigo kwenye gati la Deira. Chumba cha pili alikuwa Mercyline, mtu wa Vihiga, mfanya usafi katika hoteli. Huyu na Bi Kulu walipatana kwa damu, sikufichi. Mwizi alimfuata Bi Kulu ngazini akamkaba shingo kwa ajili ya mkoba, na Mercyline, aliyekuwa akitwanga karanga, akashuka na mchi akamvunja pua. Tangu siku hiyo walikula pamoja. Mmoja akitandika msala sebuleni, mwingine hupunguza sauti ya nyimbo zake za kanisani jikoni. Krismasi Bi Kulu humchinjia kuku. Ramadhani Mercyline hufunga siku ya kwanza, adhuhuri ikifika anasema, "Bi Kulu, Mungu wenu ana watu wagumu," anakwenda kunywa maji.

Kila Ijumaa Bi Kulu alipika pilau ya mbuzi, akatuita sisi tusio na nyumba. Mimi nilikuwa mtu wa kuhamahama, leo nalala Naif, kesho kwa mtu Al Jaddaf, lakini Ijumaa nilijua pa kwenda. Mdogo wake Mercyline, kijana anayeitwa Jairus, mlinzi wa jengo moja la maofisi, naye alikuja siku zake za mapumziko. Yeye kila mara alipakuliwa kwenye sahani, akala jikoni na dada yake.

Wiki ile Wahid na Jairus walikuwa wamekosana. Wahid alipeleka mzigo kwenye lile jengo bila kitambulisho, na Jairus akamzuia getini. Sheria ya kazi yake ndiyo hiyo. Lakini Wahid alikaa juani saa nzima, mwezi wa nane, na arbab wake, yaani bosi wake, alipofika akamzaba kofi mbele ya wapakiaji wote. Wahid alirudi nyumbani na alama za vidole shavuni. Alisema atamtoa Jairus utumbo.

"Hutamtoa mtu chochote," Bi Kulu akamwambia. "Ijumaa mtakula sinia moja, na haya yataishia hapo."

Ndivyo alivyolelewa. Mama yake, watu wakigombana, aliwaketisha kwenye sinia moja. Ukishachovya mkono pamoja na mtu, unaona haya kumchukia. Nimeona ikifanya kazi Mombasa, nimeona Lamu. Ila waliokaa kwenye masinia yale wote walikuwa watu waliolijua sinia, na hilo Bi Kulu hakulifikiria. Wala mimi.

Maana sinia lina adabu yake. Kila mtu anakula wali ulio mbele yake. Nyama hukaa katikati, haiguswi. Mkubwa wa waliokaa ndiye huimega, akamtupia kila mmoja fungu lake. Ijumaa ile mkubwa nilikuwa mimi, na badala ya kugawa nilikuwa nikipiga porojo.

Bi Kulu aliweka sinia, akamtazama Jairus, akacheka kwa pengo lake. "Leo hakuna sahani. Anza wewe, mgeni. Kula, usione haya." Kisha akarudi jikoni kukaanga bhajia.

Jairus alifanya kama alivyoambiwa. Kwao mgeni akikaribishwa kwanza, anakaribishwa nyama. Alipeleka mkono katikati, akaliinua paja zima.

Wahid akamdaka kiganja. "Rudisha."

"Nimeambiwa nianze."

"Uanze wali! Ama kwenu mnakula kama fisi?"

"Kwetu mgeni hanyang'anywi chakula mdomoni."

"Wanangu," nikasema, "leteni nigawe mimi."

Hakuna aliyenisikia. "Juzi umeniweka juani kama mbwa," Wahid akasema, "leo unanipokonya nyama ndani ya nyumba yetu!"

"Kofi alikupiga arbab wako. Mimi nimekupiga?"

Hapo ndipo Wahid alipoinua bakuli la kachumbari, bakuli zito la kioo, akampasulia Jairus kipaji cha uso. Damu ikaingia machoni, ikashuka kwenye wali. Jairus hakupiga kelele. Alisimama, akafuta jicho moja, akamtandika Wahid ngumi ya mdomo iliyomtupa juu ya kabati la viatu. Wakashikana. Walikanyaga pilau, wakaanguka, wakainuka, na mlango wa korido ukatoka bawaba. Wahid alimuuma mwenzake sikio. Jairus alimgongesha kichwa ukutani mara mbili, mara tatu, kwa sauti ninayoisikia mpaka leo. Mimi nilivuta shati la mmoja wao, likabaki mkononi mwangu kipande tu.

Wakafika jikoni. Wahid, pua imelala upande, aligeuka akaona karai la mafuta juu ya moto. Alilishika kwa vishikio vyote viwili, na nadhani vilimchoma, maana alipiga ukelele. Akalirusha kwa Jairus.

Bi Kulu akaingia kati.

Sijui kwa nini nasema "akaingia," kama vile alitembea. Mwili ule mzito uliruka. Mafuta yalimpata shingoni, kifuani na mkono wote wa kushoto, na baibui la nailoni likashikana na ngozi. Kelele aliyoitoa haikuwa ya mtu. Jairus alimpokea kabla hajafika chini, akajaribu kumvua baibui kwa mikono mitupu, na viganja vyake vikababuka hapo hapo.

Majirani waliita polisi, na haya yaliyofuata ni wao walionisimulia. Walipoingia walimkuta Jairus amepiga magoti, uso damu tupu, mikono ina mafuta, ameshikilia mwanamke aliyezimia. Na Wahid Kiarabu anakijua vizuri, cha gatini na cha ofisini. "Ni huyu," akawaambia. "Amemmwagia shangazi yangu." Jairus alijieleza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, hakuna aliyemsikiliza. Walimfunga pingu juu ya vidonda.

Na mimi? Ukaazi wangu ulikuwa umekwisha tangu mwaka uliopita. Niliposikia buti ngazini nilitoka kwa mlango wa nyuma. Mwenyezi Mungu anajua nilichokiona na anajua nilivyokimbia.

Basi ikawa hivi: Jairus yuko ndani, na neno la kumtoa au kumzamisha liko kinywani mwa Bi Kulu. Polisi walisema watasubiri apate nguvu.

Siku ya tatu nilikwenda hospitali, nikamkuta amefungwa bendeji mpaka kidevuni. Mercyline alikuwa akimlisha uji. Ijumaa ile alikuwa kazini, hakuona kitu, nami sikuwa nimethubutu kumwambia nilichokiona.

"Uji gani huu?" Bi Kulu akanong'ona. "Madonge kama kokoto."

"Meza. Meno huna, madonge yanakuhusu nini?"

Walicheka, na Bi Kulu akalia kwa maumivu ya kucheka. Kisha Mercyline akaweka bakuli chini. "Bi Kulu, nitakuuliza mara moja. Ni Jairus? Kama ni yeye, akitoka mimi mwenyewe nitampasua. Kama si yeye, na wewe umelala hapo kimya, basi unamuua. Wanasema miaka. Mama yetu hatamwona tena."

Bi Kulu alifumba macho. Mercyline alichukua bakuli, akaosha, akasema kwa sauti iliyokauka, "Kesho nitaleta mwingine. Nitauchuja." Na alirudi kesho yake, na kesho kutwa, akamgeuza, akambadilishia shuka, bila kuuliza tena.

Jioni ya siku ya tano Wahid alikuja, nami nilikuwa nyuma ya pazia la kitanda cha jirani. Pua yake ilikuwa na plasta.

"Shangazi, wakija sema ni yule kafiri. Baba amepiga simu, anasema hivyo hivyo. Damu yako ni mimi."

"Huyo unayemwita kafiri ameungua mikono akinivua nguo zinazowaka. Wewe ulikuwa wapi?"

"Shangazi!" Akaushika ule mkono wenye bendeji, akaubana. Nilisikia pumzi yake Bi Kulu ikikatika. "Ukinitaja nitafungwa. Umenilea uje unifunge?"

Wahid alimwachia, akatoka akipiga mlango teke.

Nilijitokeza, nikasema kwa aibu kwamba labda mimi niende nikaeleze.

"Wewe Mzee Munir utafungwa kabla hujamaliza salamu. Kaa mbali. Siwezi kusujudu, unajua? Daktari amekataza hata kuinama. Nasali kwa macho tu. Naashiria rukuu kwa macho, sijida kwa macho. Na kwa macho haya haya nilimwona nani ameshika karai. Sasa nikiyaelekeza kwa Mola wangu alfajiri, nitamwambia yalifumba?"

"Ni mwanao, Bi Kulu."

"Si ndiyo nalia? Angekuwa mtu baki ningelia nini?"

Ya asubuhi iliyofuata nimeyapata kwake na kwa muuguzi mmoja wa Kihindi. Afisa alikuja na karatasi zake, na askari wawili. Wahid naye alikuja, amevaa kanzu safi, akasimama miguuni pa kitanda kama jamaa mwema. Afisa akauliza. Bi Kulu akaomba kwanza ainuliwe mto.

"Andika," akasema. "Karai alilishika Wahid, niliyemlea mimi. Hakunikusudia mimi. Alimkusudia Jairus, nami niliingia kati. Na andika hili pia: Jairus hakuanza. Nyama ilikuwa kosa langu, nilimwambia aanze."

Afisa hakuelewa habari ya nyama. Wahid alielewa yote. Aliruka kitandani akaikamata bendeji ya shingo akaivuta kwa nguvu zote, na ngozi iliyoanza kushika ikaja nayo. Damu ikaruka kwenye kanzu yake. Askari walimtupa chini, mmoja akampigia goti mgongoni, mwingine akamkunja mkono mpaka kiwiko kikalia. Bi Kulu alipiga ukelele, na muuguzi alidhani ni kidonda.

"Wa kushoto taratibu!" alikuwa akisema, kwa Kiarabu, kwa Kiswahili, vyote kwa pamoja. "Aliuvunja utotoni! Hauendi nyuma, taratibu, baba, taratibu!"

Askari akalegeza. Wahid alilia kwa sauti, shavu sakafuni, hakumtazama. Wakamwinua, wakaenda naye.

Jairus aliachiliwa baada ya siku tatu. Vidole viwili havinyooki hadi leo, na kipaji kina mshono. Kutoka Kibokoni kaka mtu, baba yake Wahid, alituma ujumbe kwamba hana dada, na akifa asizikwe karibu na wazazi wake. Bi Kulu alinipa simu nimsomee, macho yake yana ukungu wa dawa. Nilisoma nusu nikakohoa. "Soma yote," akasema, nikasoma yote.

Mercyline alikuja akitoka kumpokea mdogo wake. Nilidhani atapiga magoti, atashukuru. Hakufanya hivyo. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaangalia bendeji mpya zilivyolowa.

"Ana nguo za kubadilisha?" Mercyline akauliza.

"Nani?"

"Wahid. Walimchukua na kanzu ya damu."

"Nani wa kumpelekea? Mimi hata choo siendi."

"Funguo ya chumba chake uliweka wapi?"

Bi Kulu alimwambia. Mercyline alifunga lemba lake upya, akakaza fundo, akaenda. Mara ya kwanza, kule mahabusu, Wahid alimtupia zile nguo usoni mbele ya askari, akamtukana matusi ya gatini. Mercyline aliziokota, akazifua, akazipiga pasi. Juma lililofuata alizirudisha, na safari hiyo Wahid alizipokea.