Kuta Zilizosubiri Bati

Siku hizi wanasema shida imepita. Ukifika Bunda unaona maduka yamejaa. Sabuni zimepangwa kama matofali, mitumba inaning'inia mpaka barabarani, na mabati yameegemezwa ukutani nje, hayana hata mlinzi. Watu wanayapita wanacheka, redio begani. Mimi nikiyaona yale mabati nachemka. Yalikuwa wapi?

Nianze mwanzo, maana nikianza na hasira nitaruka mambo.

Nilizaliwa Butiama, kijiji alikotoka Rais wetu wa kwanza. Ukimwambia hivyo mtu wa mbali anadhani kwetu sukari ilikuwa inatoka bombani. Tulipanga foleni kama wengine. Nilisoma Musoma hadi kidato cha nne, nikapata kazi ya kuchapa barua katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba upande wa Bunda. Hapo ndipo nilipompata mume wangu, fundi wa mitambo. Halafu mambo yakaanza kufa moja moja. Mafuta ya mitambo yakakosekana. Mkanda wa mashine ukakatika na hakuna mwingine. Utepe wa mashine yangu ya kuchapa ukakauka, nikaambiwa niendelee hivyohivyo, nikawa nachapa barua zisizosomeka kuomba vipuri visivyokuja. Mwishowe wakatuambia twende likizo mpaka tuitwe. Nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Sasa mtoto huyo anakimbiza kuku, na hatujaitwa.

Tukaenda Bugwema, kwao mume wangu, kwenye nyumba aliyokuwa ameanza kuijenga wakati mshahara bado ni mshahara. Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri. Matofali ya kuchoma, vyumba viwili na sebule. Tatizo lilikuwa juu. Kenchi, zile mbao za kubeba paa, alizipiga chini, zimelala, kwa kipimo cha bati. Bati halihitaji paa refu, maji yanateleza yenyewe. Nyasi zinataka paa lisimame, la sivyo maji yanakaa, yanaloweka, yanaozesha na kushuka ndani. Kila mtu wa kwetu anajua hivyo. Na bado wanaume wa rika la mume wangu wote walijenga vilevile, maana kupandisha kenchi ni kukiri kwamba bati halitakuja. Tembea Bugwema nzima uzione hizo nyumba: kuta za kisomi, kenchi zimelala, na nyasi zimetupwa juu eti kwa muda, kama mtu mrefu aliyejifunika shuka ya mtoto.

Kwa muda. Neno hilo nalichukia mpaka leo.

Mume wangu alipoona kazi hakuna akaenda Musoma, akapanga chumba Mukendo, akawa anafanya vibarua na kufuatilia kibali cha mabati. Mimi nikabaki na mtoto, mama mkwe na mbuzi mmoja wa maziwa. Na hapo ndipo nilipojifunza kuishi upya, mimi niliyefundishwa kemia.

Kemia yangu ilitumika, sikatai. Sabuni tulipika wenyewe kwa majivu na mafuta ya sangara, nguo zinatakata lakini zinanuka ziwa. Chumvi tulichuja kwenye majivu ya matete, nyeusi, chungu, mtoto anakunja uso. Kiberiti hakuna, kwa hiyo asubuhi unaangalia ni nyumba gani inafuka moshi, unaenda na kigae kuomba kaa la moto, na kama mlikosana jana mnapatana kwa lazima. Mashine ya kusaga ya kijiji ilisimama kwa kukosa dizeli, tukarudi kwenye jiwe. Na pamba! Pamba ilijaa majumbani kwa sababu hakuna lori la kuibeba. Tulilala juu ya pamba, tulitengeneza tambi za koroboi kwa pamba, na hatukuwa na nguo. Mimi na mama mkwe tulikuwa na kitenge kimoja cha kutokea. Akienda kanisani yeye, mimi siendi. Wakulima wa pamba tunatembea tumejifunga magunia, halafu mtu anakuja na gari la serikali, amevaa suti, kututangazia tufunge mikanda. Mkanda nifungie wapi, kwenye gunia?

Hayo yote niliyaweza. Kilichonishinda ni paa.

Mvua za vuli zilipoanza, maji yalishuka chumbani kama hakuna kitu juu. Nilihamisha kitanda huku na huku mpaka pembe zikaisha. Mtoto akaanza kukohoa. Kwanza kikohozi cha kawaida, halafu kile cha kifua kinachobana, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi. Nikambeba mpaka zahanati. Mganga alimsikiliza, akaniambia dawa zimekwisha, akaniuliza analala wapi. Nikamweleza. Akasema, "Mama, huyu akipita vuli hii, masika hayawezi. Mtafutie pakavu." Alisema kwa upole, ndiyo maana nililia njia nzima.

Nikatuma ujumbe Mukendo. Jibu likaja kwa mdomo wa mchuuzi wa dagaa: mabati yako njiani, nisiguse nyumba, nisimwaibishe kwa paa la nyasi refu kama nyumba ya babu yake. Mchuuzi alinipa maneno hayo akiwa anaangalia pembeni. Hata yeye aliona aibu.

Basi nikaenda kwa baba mkubwa wa mume wangu, mkubwa wa boma. Nilimkuta amekaa na wenzake. Nikapiga magoti, nikaeleza: kenchi zing'olewe, mwamba, ule mti wa kileleni, upandishwe, nyasi nitakata mwenyewe, ninaomba mikono ya wanaume tu. Hakukataa. Alisema ni kazi ya siku chache, wanaume wapo, ila nijue kuezeka kuna taratibu zake. Maana yake pombe. Kwa kwetu hakuna anayepanda paa la mtu bila pombe ya ulezi, na si ya kulamba, ya kushiba. Nikamwambia ulezi nilionao ni wa uji wa mtoto mpaka mavuno. Akasema, "Sasa mama, unataka paa au unataka uji?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema waliosoma wanapigaga hesabu, nipige hiyo.

Niliipiga. Ulezi nikiutoa, mtoto atalala pakavu na njaa. Nikiubakiza, atashiba na kulowa. Kutoka pale mpaka nyumbani nilikuwa nimeshapata jibu la tatu, na lilinitisha hata mimi.

Kwetu mwanamke hapandi paa la nyumba ya mumewe. Hapandi kabisa. Kupanda ni kutangaza kwamba mwenye nyumba amekufa, na wengine wanasema ni kumwitia kifo. Mjane anaweza kuezekewa, lakini kupanda yeye mwenyewe sijawahi kuona. Nilikuwa nimefundishwa hayo kabla sijafundishwa a e i o u, na siwezi kudanganya kwamba shule iliyafuta. Hata hivyo nilitoa ngazi ya mume wangu nyuma ya nyumba.

Mama mkwe aliniona naisogeza ngazi ukutani. Alikuja mbio, akaishika.

"Mwanangu, ukipanda hapo umemzika mume wako. Ni mtoto wangu huyo. Nimebaki na huyo mmoja."

Nilimwambia, "Mama, na huyu aliyeko ndani ni wangu. Nami ninaye mmoja."

Ndani mtoto akakohoa kile kikohozi. Mama mkwe akaiachia ngazi, akachukua mtungi, akasema anaenda kuchota maji na huenda akachelewa. Akaongeza, bila kugeuka, kwamba kitu asichokiona hawezi kukisema. Kisima kiko karibu. Alikaa huko mpaka jua likaelemea magharibi.

Nikapanda. Nilivaa suruali ya kazi ya mume wangu, nikaifunga kwa kamba. Sikufa mimi, na kama mtu alikufa Mukendo dakika ile sikusikia. Nilitupa nyasi zilizooza chini, kuna panya, kuna tandu, kuna uyoga hata. Nikaanza kung'oa kenchi. Misumari niliinyoosha juu ya jiwe lilelile la kusagia, maana msumari nao ulikuwa mali ya kuomba kibali.

Kesho yake mama mkwe hakwenda kisimani. Alitoa kigoda, akakaa uani, akalipa nyumba mgongo, akaanza kusokota kamba za katani. Hakuniangalia hata mara moja. Kamba ikikamilika anaitupa nyuma, juu ya bega, nashuka kuiokota. Tukafanya kazi hivyo. Nguzo ya katikati tuliikokota wote wawili, na hapo ilibidi ageuke, akageuka akiwa amefumba macho. Nilimwambia tutaanguka. Akasema nimwongoze.

Mwamba ulipokaa juu, mrefu, na fito zikashuka kutoka pale kwa mteremko mkali, niliona nyumba imebadilika sura. Ilikuwa imekunja uso, sasa imeinua kichwa. Nikaanza kuezeka, kwa nyasi nilizokata alfajiri, kutoka chini kwenda juu, tita juu ya tita, nafunga, nakaza. Viganja vilipasuka. Mtoto amekaa kivulini na bakuli la uji.

Hapo baba mkubwa alikuja. Habari zilikuwa zimemfikia, maana paa halifichiki. Alikuja na wazee wawili, wakasimama chini, wakaninyooshea fimbo.

"Shuka."

"Shikamoo baba," nilisema.

"Shuka, nimesema. Unaua boma hili mchana kweupe, na suruali umevaa."

"Nikishuka, unapanda wewe?"

Wale wengine wakaangalia nyasi. Baba mkubwa akauliza, na naapa hakuwa anatania, "Pombe iko wapi?"

Nilicheka huko juu mpaka ngazi ikatikisika. Nikamwonyesha mtoto na bakuli lake. "Ile pale. Anainywa."

Aliondoka akitangaza kwamba lile paa litashushwa, na kwamba mbuzi wangu atachinjwa kutakasa boma. Mbuzi yuleyule wa maziwa. Ona akili hiyo. Hakuwa na nguvu ya kubeba tita moja, lakini nguvu ya kuchinja mbuzi wa mtoto alikuwa nayo. Nilimwambia akimtaka aje amfungue mwenyewe mbele yangu. Mama mkwe, mgongo wake bado kwenye nyumba, akasema kwa sauti ya chini lakini wote walisikia: "Shemeji, mimi sijaona mtu juu ya paa. Wewe umeona nini?"

Nilimaliza mgongo wa paa nikiwa nimebanwa na mawingu. Nilishuka, sikuweza kufunga vidole.

Mvua ilikuja mchana wa siku iliyofuata, ile ya kwetu inayoanza kwa upepo wa vumbi halafu inamwagika yote. Nililaza mtoto kitandani, kitanda kikiwa katikati ya chumba, mahali ambapo sikuwa nimethubutu kukiweka tangu tuhamie. Nikakaa pembeni naangalia juu. Mama mkwe naye anaangalia juu, kwa mara ya kwanza. Tulisikia maji yanakimbia nje ya kuta. Ndani halikushuka tone.

Mlango ukasukumwa. Baba mkubwa, ameloa mpaka kofia, alikuwa njiani kutoka kwenye kikao, na nyumba yake mwenyewe iko mbali, nayo ni ya kenchi zilizolala. Hakusema hodi. Alisimama sebuleni akichuruzika, akatazama juu, akanyoosha kiganja mbele yake, akakiacha hapo wazi, anasubiri kitu kidondoke. Hakikudondoka. Akabadili mkono. Hakuna.

Nilimletea kigoda na kikombe cha uji wa ulezi. Nilitaka kumrushia, nasema kweli. Lakini mvua ni mvua, na yeye ni baba. Alikunywa mpaka chini, akafuta mdomo, akauliza mtoto anaendeleaje. Nikamwambia anapumua. Basi. Habari za mbuzi hazijarudi tena mpaka leo.

Mume wangu hakufa. Alikuja baada ya masika, mnene kuliko mimi, akilaumu. Alikuwa ameshaambiwa kila kitu. Alizunguka nyumba, akasema nimemfanya kichekesho Mukendo nzima. Nikamwambia aingie amwangalie mwanawe. Mtoto alikuwa anaruka juu ya kitanda. Aliingia, akakaa, hakutoka mpaka chakula.

Sasa biashara imefunguliwa, na mwezi uliopita amerudi na mabati kweli, yamefungwa juu ya baiskeli, yanang'aa. Na watu wa kupanda wamepatikana haraka, walewale, siku hizi hawaulizi ulezi, wanataka noti. Anataka tushushe nyasi na tulaze kenchi upya kama ilivyokuwa kwenye ramani yake.

Nimemwambia mabati ni mazuri, ayaweke kwenye banda la mbuzi. Yule mnyama alisubiri sana.

Amenuna. Amekwenda kwa baba mkubwa kunishitaki. Mama mkwe ameniambia wamekaa huko tangu asubuhi, na baba mkubwa amemjibu kwamba yeye hajawahi kuona mwanamke juu ya paa katika boma lake, kwa hiyo hana kesi ya kusikiliza. Halafu akamuuliza, kwa adabu kabisa, kama mimi, mkewe, ningeweza kuja kuangalia kenchi za nyumba ya huyo mzee kabla vuli haijaanza.

Sijajibu bado. Na nikienda, pombe ninataka mimi.