Ndoo ya Ralph Yenye Kufuli

Ralph Tunnard alikuwa mtu wa kuchora mstari kwa kalamu kwenye chupa yake ya maziwa. Miaka yote aliyotengeneza mabasi katika gereji moja ya mji wa Spalding, Uingereza, chai ilikuwa ya wote lakini maziwa yake yalikuwa yake, na ule mstari ndio uliokuwa shahidi. Mkewe Enid aliniambia siku moja, huku akicheka, kwamba hata nyumbani, walikokuwa wawili tu, chupa ilichorwa. "Sijui ananishuku mimi au paka, Doreen."

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeingia kwenye ubia wa ziwa.

Mkulima alipotangaza kuuza lile shimo la kokoto lililojaa maji nyuma ya mashamba yake ya kabichi, tulilinunua kwa hisa tano: Ralph, Neville Sharpe aliyekuwa tarishi, ndugu wawili wa ukoo wa Epton, na mume wangu Walter. Walter alipofariki hisa yake ikawa yangu, pamoja na fimbo zake za kuvulia na buti zake zilizonipwaya. Ninavua kama wao, na mara nyingi kuwashinda, ila kila tukikutana birika la chai huangukia mikononi mwangu, sijui kwa kura ya nani.

Ralph alipata hisa yake kwa kuuza ile nyumba ya magurudumu waliyokuwa wakiikokota yeye na Enid kila kiangazi kwenda baharini. Enid alikuwa ameshazikwa. Nilipomuuliza kama hataijutia, alinionyesha picha: Enid ameshika wavu, nywele zimelowa, anacheka, na ndani ya wavu yumo Bi Mkubwa.

Huyo Bi Mkubwa ni samaki. Alikuwa mnene, mzee kuliko baadhi ya majirani zangu, na magamba yake machache yalikuwa makubwa kama vifungo vya koti. Ralph alimvua mara moja tu, zamani, ziwa likiwa bado la mkulima. Akampima, akampiga picha, akambusu, akamrudisha majini, kama tufanyavyo sote. Enid ndiye aliyempa jina. Alikuwa akisema, "Mimi mke mdogo tu, mwenzangu. Bi Mkubwa yuko kule majini." Enid alipoondoka, Ralph hakuwa na sababu nyingine ya kuamka mapema.

Tuna kanuni mbili zisizo na mzaha. Ya kwanza, anayemtoa samaki ziwani bila wenzake kujua anauza hisa yake na kwenda zake. Ya pili, mahindi ya chambo lazima yachemshwe yakaiva, kwenye jiko la kibanda chetu cha ukingoni, mbele ya macho ya watu. Mahindi makavu yasiyoiva humvimbia samaki tumboni yakamuua.

Sasa Ralph achemshe mbele ya watu, sisi tuone anachotia? Thubutu! Alinunua ndoo yenye mfuniko, akaifunga kwa kufuli la baiskeli. Akituona tunapita karibu alifoka, "Mnaikodolea nini ndoo yangu, kama paka wa buchani?" Tukamcheka, tukamwacha. Alisema anachemsha nyumbani, na nani angemfuata nyumbani kuchungulia sufuria yake?

Mwaka huo, jua la Aprili likaja na Bi Mkubwa hakuonekana. Kila mwaka siku kama hizo hupanda kuota jua kando ya matete, mgongo nje. Wiki zikapita, matete matupu. Ralph akaanza. Kwanza aliwashuku ndugu wawili wa Epton, kwa kuwa mmoja alikuwa amenunua gari. Kisha akaniuliza mimi, bila haya, sufuria yangu kubwa ni ya kazi gani. Mwisho akatua kwa Neville, na hapo akang'ang'ania, maana alikuwa amemwona asubuhi moja akisukuma toroli lenye gunia linalochuruzika maji. Tena Neville ana binamu mwenye bwawa ambalo watu hulipia kuvua, na mwenye bwawa la kulipia anamtamani samaki kama Bi Mkubwa kuliko anavyoitamani pepo.

Nisiseme uongo, na mimi niliingiwa. Neville ni mtu wa maneno machache, na kimya cha mtu, ukishaanza kumshuku, kila siku kinazidi kukunong'oneza. Tukaanza kuchunguliana buti za magari. Nikimkaribisha biskuti Epton mkubwa, anaigeuza kwanza. Ziwa lilelile tulilolinunua ili tupumzike likawa mahali pa kukaa na mgongo ukutani.

Mkutano wetu ni Juni, pale ukingoni, kwa chai na pai za nyama. Ralph hakugusa pai.

"Neville," akasema, amesimama. "Bi Mkubwa yuko wapi?"

"Kwa nini uniulize mimi?"

"Kwa sababu nilikuona na toroli! Ulikuwa nalo, hukuwa nalo?"

Neville alikoroga chai yake. "Nilikuwa nalo."

"Na gunia?"

"Na gunia."

"Haya! Mmesikia kwa masikio yenu! Umempeleka kwa binamu yako, Yuda we!"

"Kaa chini, mzee," akasema Epton mkubwa. "Utapasuka mshipa bure."

"Sikai! Kanuni ni kanuni. Auze hisa, aende akavue kwenye beseni lake."

Mimi nilimgeukia Neville. Nilikuwa na hasira naye, hasira ya kweli. "Sema neno basi, baba! Ukikaa kimya hivi unataka tuamini nini?"

"Amini upendavyo, Doreen. Nitauza."

Hapo moyo ulinishuka. Mikono ikapanda: wa Ralph kwanza, kisha wa wale ndugu wawili, polepole. Ilibaki wangu, na kanuni inataka wote. Nikasema ngoja nimwage kwanza machicha ya chai, nipate kufikiri. Nikaenda nyuma ya mti wa mwerebi, pale ambapo hakuna anayekaa.

Udongo ulikuwa umechimbwa na kurudishiwa. Na katikati yake, kishada kimoja, yalikuwa yameota mahindi.

"Nani amepanda mahindi huku?" nikauliza kwa sauti.

Neville akaweka kikombe chini haraka. "Doreen, rudi ukae. Tafadhali."

Sikuwahi kumsikia akiomba kitu. Wote wakaja. Epton mdogo akapekua udongo kwa mkono, likatoka gamba moja kubwa kama kifungo cha koti, kisha jingine. Epton mkubwa aling'oa mche mmoja. Punje yake ilikuwa bado imeshikilia mzizi. Aliitazama kwa makini, yeye aliyekulia shambani.

"Mahindi yaliyochemshwa hayaoti," akasema.

Sote tunachemsha, tena tukionana. Macho yetu yakaenda penyewe kwenye ndoo yenye kufuli.

"Niliyaloweka," akasema Ralph. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Niliyaloweka siku nzima. Nyumbani gesi ilikuwa imekwisha, na huku... huku mngeona. Nilidhani kuloweka kunatosha."

"Nilimkuta anaelea," akasema Neville, akimtazama yeye peke yake. "Tumbo limevimba, mahindi magumu yamemjaa kooni. Nikajua ni ya nani. Nikasema, huyu mtu ameshazika mmoja. Asimzike na huyu, tena akijua ni kwa mkono wake."

"Na ungeuza hisa yako?" nikamuuliza.

"Ningevua kwingine."

Ralph alisimama pale juu ya kile kishada cha mahindi, kofia mkononi. Nilidhani ataondoka. Badala yake akatugeukia.

"Kanuni ni kanuni," akasema. "Nani anasema niuze mimi?"

Akainua mkono. Tukamtazama, na hakuna mwingine aliyeinua wake. Hakuushusha. Ulibaki juu peke yake mpaka Neville alipomwendea akaushika na kuuteremsha.