Joka la Daftari la Hesabu

Bibi yangu alikubali kupasuliwa jicho na daktari Mchina kwa sababu ya picha iliyochorwa Amerika ili watu wawaogope Wachina. Mpaka leo nikinusa uji uliochacha naikumbuka picha ile, maana uji ndio tuliogandishia majalada ya daftari zetu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Milanzi, mtaani kwetu Sumbawanga, yalijaa tochi na chupa za chai kutoka China, na baba, mwalimu wa shule ya msingi, alinunua betri za huko huko ili redio yake impe habari za Amerika. Alizunguka nayo uani, antena huku, antena kule. Kila jioni mwanasiasa fulani alionya kwamba China imeamka, itameza viwanda, itameza bahari. Baba alitusimulia tukila, nasi tukaharakisha matonge kana kwamba itaanza na ugali wetu.

Misheni waligawa magazeti yao ya zamani, tukafunikia daftari. La hesabu lilipata joka jekundu, limeizunguka dunia mara tatu, mdomo wazi. Baba alinitafsiria maandishi ya chini: “Nani atalizuia?”

Mwaka huo Bibi, mama yake baba, alikuwa haoni zaidi ya vivuli. Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, na kwamba daktari Mchina angeweza kumtoa. Baba alikataa.

“Mama, hao watu hawatoi kitu bure.”

“Na betri zao umewarudishia?”

Hata hivyo Bibi naye aliogopa. Kisu machoni ni kisu. Siku moja akaniita.

“Mke mwenzangu, njoo unieleze hilo joka baba yako analolipigia kelele.”

Nikamweleza magamba, makucha, mizunguko mitatu.

“Limemuuma mtu?”

“Hapana, Bibi.”

“Limetulia tu?”

“Limetulia.”

Wafipa wa rika lake hawakumpiga chatu. Akiingia nyumbani alikuwa mgeni kutoka mlimani: ulipiga magoti, ukapiga makofi taratibu, ukamwekea unga. Bibi, asiyekosa misa hata Jumapili ya mvua, aliniagiza nipakue unga kwenye kibakuli, twende nao hospitali. “Mkubwa amefika mpaka Sumbawanga,” alisema, “na ninyi mnamfukuza kwa redio!”

Baba hakuwa mtu wa kubishana na mama yake mbele ya unga. Mimi ndiye niliyekosa utulivu. Sikuwa nimemwambia Bibi kuhusu ule mdomo, wala yale maandishi. Niliingia, nikatoka, nikachota maji yasiyohitajika. Jicho likiharibika, nilijua nani kaliharibu.

Daktari alikuwa kijana mwembamba mwenye ndala, akipiga miayo. Bibi alipiga magoti, akapiga makofi, akanyoosha kibakuli. Baba alitazama ukuta. Kijana akamwangalia muuguzi, asipate msaada, kisha naye akapiga magoti na kupiga makofi, vibaya kabisa.

Bandeji ilipofunguliwa, Bibi alinitazama kwa muda mrefu. “Kumbe pua ni ya baba yako! Pole, mke mwenzangu.”

Sasa ninafanya kazi ya habari. Joka lile nimekutana nalo mara nyingi kwenye magazeti ya Amerika, rangi mpya, mwanasiasa mpya, swali lile lile. Nimechelewa kuelewa kwamba bibi yangu na wale waliolichora walifanya kosa moja. Walimtazama nyoka, wao wakapiga kelele, yeye akapiga magoti. Kijana mwenye usingizi hakuna aliyemtazama. Hata sisi hatukumwuliza jina.

Jicho la pili lilipangiwa baada ya mavuno. Tulipokwenda, mkataba wa yule kijana ulikuwa umeisha na chumba kimefungwa. Muuguzi alisema atakuja daktari mwingine. Bibi akauliza lini, na kutoka wapi. Muuguzi hakujua.