Mama Ardis na Kona ya Tatu

Mama yangu, Ardis Kvalheim, hajawahi kuendesha gari la mashindano hata mzunguko mmoja, ila hakuna mbio za ukoo wetu alizozikosa. Kila Jumamosi ya kiangazi hapa Wisconsin, Marekani, hupanda juu ya paa la jukwaa na redio yake, akimwambia dereva asichoweza kukiona: nani yuko upande wa ndani wa kona, nani wa nje, lini pako peupe apite. Alimwongoza baba, akaniongoza mimi mpaka goti langu lilipogoma, na sasa ni zamu ya binti yangu Britta. Gari ni lilelile namba hamsini na nane, rangi ya chungwa. Ukishafungwa mikanda mle ndani, shingo haigeuki. Macho yako ni mama.

Msimu huu akaanza kuchelewa. Anasema "peupe" na mtu bado yuko ubavuni. Nikimuuliza, ananing'akia: "Jua linazamia kona ya tatu, Harlan! Wewe ulipokuwa unabusu ukuta kila wiki, nilikuuliza?"

Nani amwambie mama yake ashuke kule juu? Mimi? Thubutu!

Jumamosi moja mawingu yalitanda tangu asubuhi. Kwenye mbio za mchujo mama akasema peupe, Britta akashuka upande wa ndani, na mpinzani wake Lonnie Pruett akamvaa ubavuni, kona ileile. Britta alirudi mlango umebonyea.

"Bibi, vipi tena?" akauliza redioni.

"Jua," akajibu mama.

Britta akatazama mbingu, akanitazama mimi. Nilichukua nyundo nikanyoosha bati, na sikufichi, niliogopa.

Kwenye fainali Britta aliongoza, Lonnie kamng'ang'ania nyuma. Ilibaki mizunguko michache. Sasa, watazamaji wetu hukodi redio ili wasikilize madereva wakigombana huku wanatafuna jibini la kukaanga. Neno ukilitamka pale, jukwaa zima limelisikia. Mama analijua hilo kuliko sote.

"Yuko nje," akasema. "Nje bado..." Halafu kimya. Mama yangu, kimya! Magari mawili yanaingia kona ya tatu.

"Britta, sioni. Si jua, ni macho yangu. Achia pedali ya mafuta, mpishe."

Britta akaachia. Lonnie akapita, na ushindi akaenda nao. Jukwaani watu wote walikuwa wamegeuka kutazama paa.

"Najua, Bibi," Britta akasema. "Tangu mwezi wa sita nakisia mwenyewe."

"Mjinga we! Ungekufa! Mbona hukusema?"

"Ungeshuka."

Nikapanda kumchukua. Mama alishuka ngazi kanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulikubali. Chini akanivisha redio. "Panda wewe. Macho unayo. Akili, tutaona."

Basi siku hizi napanda mimi, na mama anakaa kando yangu na blanketi lake. Kazi naifanya vizuri tu, nje, ndani, peupe. Lakini Britta ana sharti moja: bendera ya njano ikitoka baada ya ajali, magari yakienda polepole nyuma ya gari la usalama, redio anapewa Bibi. Hapo wanapiga soga, wanamteta Lonnie, wanacheka mpaka bendera ya kijani iruhusu mbio tena.

Juzi mbio zilikwenda safi mwanzo mpaka mwisho. Mama alikaa mikono mapajani, akisubiri. Mungu anisamehe, nilikuwa naomba mtu agonge ukuta, kidogo tu.