Bustani ya Maji ya Udhu

Sauti ya utoto wangu ni tone la maji ya kiyoyozi, nami siipendi. Tuliishi Al-Safa, Jeddah, katika nyumba ya ghorofa moja aliyoiacha babu alipofariki: sisi chini, Shangazi Zuwena juu. Hewa ya Jeddah ina unyevu wa kuloanisha shuka kitandani, na viyoyozi vya Shangazi, vilivyounguruma mchana kutwa, viliufyonza unyevu ule na kuutema nje tone baada ya tone, maji matamu yasiyo na chumvi hata chembe. Mama aliyaona yanapotea bure. Akaunga mpira mmoja kwa mwingine, akaufunga ukutani kwa vitambaa vya kanga kuukuu, akayateremsha maji yale mpaka uani, kwenye kipande cha ardhi kisichozidi upana wa gari. Hapo palikuwa na bustani yetu, na kwa sababu hiyo hapo palikuwa na vita.

Msimu wa kupanda Mama aliuita vuli, kama walivyouita wazee wake waliozaliwa Unguja, ingawa vuli ya Jeddah haina mvua. Ni jua tu linaloregeza mkono. Asubuhi moja unatoka nje na upepo haukuchomi uso, na Mama keshafunga kanga kiunoni, anachanganya mchanga na samadi ya mbuzi iliyoletwa kwa pikapu, harufu imejaa mpaka kwenye mapazia ya ghorofani. Alipanda mchicha, bamia, pilipili mbuzi, na kandokando ya ukuta miti ya muhogo ambayo vipandikizi vyake vilifika ndani ya sanduku la jamaa mmoja, vimeviringishwa katika suruali. Shangazi alifunga madirisha yake kwa kishindo ili tusikie. Alisema nyumba imekuwa zizi. Alisema hayo akiwa ngazini, kwa sauti ya kumwambia mtu mwingine, kwa sababu yeye na Mama walikuwa wamekwisha acha kusemeshana isipokuwa mbele ya wageni.

Shangazi alitaka pale pamwagwe saruji mwanawe apate pa kuegesha gari. Ardhi ilikuwa yake yeye na Baba, na bila Baba kukubali hakuna fundi ambaye angegusa. Baba alikuwa Riyadh, akiuza ubani na manukato katika duka la mtu huko Al-Dirah, na alikuja nyumbani kwa nadra kiasi kwamba mdogo wangu Hamadi alimwamkia kama mgeni. Kwa simu alimwambia Mama kuwa atakuja likizo, atakula cha bustani hiyo, kisha ataamua. Mama alilishika neno lile la kula. Alitembea nalo jikoni na uani. Mimi, niliyekuwa mtoto wa kutosha kuamini mboga, niliamini kwamba Baba akionja tu, saruji imekwisha.

Shangazi naye, nadhani, aliamini vivyo hivyo. Siku chache baadaye mchicha ulilegea majani, na Mama alipoufuata mpira kwa mkono hadi juu akakuta umegeuzwa. Dereva wa Shangazi alikuwa ameuelekeza upande wa barabara. Tulipouliza, jibu lililoteremshwa ni kwamba ukuta unalowa. Maji matamu yakatiririka nje ya geti juu ya lami, paka wakayanywa, magari yakayakanyaga. Maji ya matumizi yalikuja kwa lori, na lori likichelewa tulikuwa tukioga kwa kopo. Mama hakupanda ngazi kugomba. Aliweka beseni chini ya mfereji wa bafuni, pale tulipotawadhia, akapiga marufuku sabuni karibu yake. Toka siku hiyo kila tone la udhu wetu lilikwenda uani. Hamadi alitawadhishwa hata udhu wake ukiwa haujatenguka. Alikunjwa mikono ya kanzu na kuinamishwa juu ya beseni huku analia kwamba ameshaswali. Mama hakumjali. Aliyabeba maji yale kiunoni kama mtoto, akamwaga kila shina na fungu lake, na midomo yake ilikuwa ikisema maneno ambayo hayakuwa dua.

Mchicha ulisimama. Siku Baba alipofika ulikuwa mwekundu mashinani na mpana majanini, na bamia zilikuwa changa za kuvunjika kwa kidole. Mama alivuna mwenyewe, hakutaka mikono yetu. Alikaa juu ya mbuzi akakuna nazi, kifuu kikigeuka mkononi mwake taratibu, akachuja tui zito na jepesi. Mchicha aliutia kwenye tui jepesi, na bamia akazipika nzima nzima ili zisitoe ute. Kwetu mlimbuko, mavuno ya kwanza, huanza kwa mkubwa wa nyumba, na mkubwa alikuwa Shangazi. Mama angeweza kumchukia mtu, lakini si kumruka. Nikapandishwa na sahani iliyofunikwa kawa. Shangazi alifunua, akanusa, akafunika. Akaniambia nitangulie, anakuja kula chini na kaka yake.

Tuliketi mkekani. Baba alinawa, akasifu harufu, akakata tonge la wali, akalichovya kwenye mchicha. Lilikuwa limefika karibu na mdomo Shangazi aliposema, kwa upole wa mtu anayekutoa kibanzi jichoni:

"Nassor, uliza kwanza. Mke wako anamwagilia maji ya chooni."

Mama hakuinua sauti. "Ni maji ya udhu, wifi. Yametoka usoni na mikononi mwa watoto wa kaka yako. Ya kwako safi umewapa paka."

"Beseni linakaa wapi? Si chooni?"

Baba aliujua udhu. Alikuwa ametufundisha yeye mwenyewe kwamba maji yake hayanajisi kitu. Nilimtazama nikisubiri aseme hivyo. Alimtazama dada yake, akamtazama Mama, kisha akalirudisha tonge sahanini. Kwetu mtu halirudishi tonge. Humlazimu kulimeza hata kama amegundua chumvi imezidi, kwa kumstahi aliyepika. Akasema tusigombane mbele ya chakula.

"Hatugombani, Baba Salma," Mama alisema, akimwita kwa jina langu. "Halas, basi." Akavuta sahani ya Baba, akalichukua tonge lile lile, akalila mbele yetu sote, akaendelea mpaka sahani ikabaki nyeupe. Shangazi alikula wali mtupu na achari. Fundi wa saruji alikuja kabla likizo haijaisha.

Sasa naishi Riyadh, na Mama yuko nami. Hatuna ardhi. Vuli ikifika hupandisha ndoo za rangi juu ya paa, akazijaza udongo, na hewa kavu ya huku humlazimu kumwagilia asubuhi na jioni. Baba amestaafu, anakaa ile nyumba ya Al-Safa chini ya dada yake, na mara moja kwa mwaka huja kututembelea. Safari hii Mama alimwekea kuku wa kununua, na mbele yetu sisi wawili akaweka bakuli la mchicha wa nazi. Baba alilitazama muda mrefu. Amezeeka.

"Huo si wa juu ya paa?" aliuliza.

"Ndio wa juu," Mama alijibu.

"Na mimi je?"

"Wewe maji yake huyajui."

Akageuka kunitazama mimi, kama nilivyomtazama yeye siku ile, akisubiri niseme neno. Jamaa huniambia yamepita, mzee anataka radhi, na binti mwema angesukuma bakuli. Wakati ule sikuwa na nguvu juu ya chochote kilichokuwa mkekani. Leo bakuli lilikuwa karibu nami kuliko mtu yeyote. Nililivuta zaidi upande wangu, nikampakulia Mama.