Nyumba ya Utange Kwenye Ramani

Nilialikwa shule moja ya upili huku Kisauni niwasimulie wanafunzi wa jiografia safari zangu. Mwalimu akawasha projekta, ukutani ikatokea picha ya mtaa mzima iliyopigwa kwa setilaiti, akaniomba nionyeshe kwangu. Nikaweka kidole kwa madaha ya msafiri mzoefu. Darasa likaangua kicheko. Nilikuwa nimegusa makaburini.

"Usitutangulie, mzee," mwalimu akanifariji.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kila mwanafunzi atie alama ya nyumba yao kwenye ramani ya mtandaoni. Wengine waligombea kompyuta, lakini msichana mmoja wa mtaa wa Utange alikuwa akitia alama na kuifuta, akitia na kuifuta, huku macho yakimrukaruka.

Nikajitia kumsaidia. "Weka tu, mwanangu. Kukosea nimeshakosea mimi."

"Sijakosea, mzee. Nikiiacha, ataiona nani?"

"Dunia nzima!" nikajigamba, utadhani ramani nimeichora mimi.

"Hata mwenye shamba?"

Huku kwetu nyumba nyingi zimesimama juu ya ardhi ambayo mwenye hati hajulikani aliko, na wakaazi humwombea heri huko huko aliko, asije akawabomolea. Nami, niliyekuwa nikisifu ramani, nikajikuna kichwa.

"Akitaka kuangalia," nikasema polepole, "ataiona."

Msichana akabonyeza, alama ikatoweka.

"Basi sisi bado hatujajenga."