Mandelbrot ya Neema

Akili yangu inakataa jamani. Neema hayupo. Pumu ilimbana Jumatano, tukamkimbiza hospitali, hatukurudi naye.

Mnaonijua mnajua siongei. Hata kwenye group la darasa huwa nasoma tu. Ila leo nina aibu kubwa kuliko ile ya kuongea, kwa hiyo naandika.

Mwezi uliopita Neema alinionyesha picha ya hesabu kwenye simu. Inaitwa Mandelbrot. Ni doa jeusi lenye vinundu pembeni. Uki-zoom kinundu unakuta doa lilelile, dogo, nalo lina vinundu vyake, wala haviishi.

"Kama mimi na mama," akasema. "Mdogo na mkubwa, kelele zilezile."

Halafu akagundua kuna mkate wa lozi wa Wayahudi wenye jina hilohilo! Picha imepewa jina la ukoo la mwanahesabu, na maana ya jina lenyewe ndiyo hiyo, mkate wa lozi. Neema akapagawa. "Nafanya presentation, halafu darasa zima linakula hesabu."

Shida ikawa oveni. Huku China, Guangzhou, nyumba zetu hazina. Iliyokuwepo ni ya mama yake, mgahawani kwake mtaa wa Xiaobei, ya kuchomea kuku.

Mkate ule unaokwa mara mbili. Kwanza gogo zima, kisha unakata vipande, unarudisha vikauke. Neema alirudisha, akasahau.

Anko mmoja msafirisha mizigo, mteja wa pale, akauma kipande, akashika shavu. "We mtoto, hiki kigae! Bu yao, sitaki!"

"Chovya kwenye chai anko, acha ushamba."

Mama Neema akatokea na koleo mkononi. "Toka kwenye oveni yangu! Kuku wa watu hawajaiva, wewe unacheza. Huna masomo?"

Neema akacheka tu. Hakumwambia, alitaka iwe surprise. Haikuchukua muda akaugua.

Kwa ajili ya ibada ya jana ya kumuaga, Mama Neema alikuwa ameniomba niandike na kusoma wasifu kwa Kiswahili na Kichina, maana walimu wetu nao walikuja. Kabla sijasimama akaninong'oneza, "Mwanangu, useme na mimi nisikie. Alikuwa anafanya nini jikoni kwangu? Nilimfokea sana."

Nilikuwa nimeandika aya nzima juu ya hilo. Nilipoifikia nikaona watu wazima wameinamisha vichwa, mmoja analia. Nikawaza, nikianza habari za mkate na hesabu watanicheka. Nikairuka. Nikasema amina, nikakaa.

Mama Neema akanigeukia. "Mbona hukusema?"

"Imeisha, mama."

Imeisha! Hilo ndilo jibu nililompa mama aliyefiwa. Sijui nilipata wapi ujasiri wa kudanganya, ilhali ule wa kusoma mistari minne niliukosa.

Mama Neema, najua unasoma kila kinachoandikwa juu yake, na leo unaondoka naye kwenda Morogoro. Hakuwa anacheza, mama. Ilikuwa kazi ya shule, na alitaka uje ukae mbele umsikilize. Slide ya mwisho ya presentation yake ni picha yako umeegemea kaunta, umenuna. Chini yake ameandika kwa Kichina: "Mama yangu. Ananigombeza, lakini oveni hajaizima."

Pumzika, Neema. Jioni nakuja uwanja wa ndege wa Baiyun kukusindikiza. Nitamtafuta mama yako kabla hajaingia ndani nimsomee ile aya, kwa sauti, hata uwanja mzima ukigeuka kutuangalia.